Nyumba Imehamia, Mwenyewe Bado

Limezuka jambo katika visiwa vyetu ambalo halina budi kuzungumzwe kwa uwazi, bila ya hasira na bila ya kubembelezana. Mtu yuko Ulaya, au Ghuba, au Afrika ya Kusini, na moyoni ana nia ya kuja kuishi Unguja siku atakapostaafu au atakapochoka na baridi ya kwao. Siku hiyo bado iko mbali, pengine miaka mitano, pengine kumi. Lakini nyumba anainunua leo. Mara nyingi huinunua kabla ya jengo lenyewe kusimama, kwa kutazama picha na ramani. Kisha, kwa kuwa mwenyewe hayupo, nyumba hiyo hukodishwa kwa watalii usiku kwa usiku, ili ijilipie gharama zake mpaka atakapokuja. Kwa mnunuzi hiyo ni hesabu nzuri. Sisi tunauliza: kwa kisiwa, hesabu hiyo inatoka vipi?

Tuanze kwa kusema lile ambalo hatulipingi. Visiwa hivi havikupata kuwa na ugomvi na wageni. Bandari yetu imepokea majahazi ya kaskazi na ya kusi tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, na wengi tunaojiita wenyeji leo tumetokana na watu waliowahi kuwa wageni. Utalii nao umekuwa nguzo ya uchumi wetu. Mwaka 2023 walikuja watalii zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 idadi ilipita 700,000. Vijana wengi wanakula kwa kazi hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tunaliamini neno hilo. Ila tunawakumbusha wasomaji kwamba methali ina sehemu mbili, na wengi siku hizi wanaisoma sehemu ya mwanzo tu. Mgeni amekuja, lazima tuulize kama mwenyeji anapona.

Msingi wa suala hili ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na wakulima ambao hawakuwa na hata pa kuchomeka muhogo waligaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 haikuuvunja msingi huo: ardhi ni ya umma, Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia, na asiyekuwa Mzanzibari hukodishwa kwa mkataba wa miaka. Ikaja Sheria ya Kondominia ya mwaka 2010, ambayo imemwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo bila ya kuimiliki ardhi iliyo chini yake, na kwa mlango huo mgeni anaweza kununua fleti katika miradi iliyokubaliwa na Serikali. Anayenunua kwa dola 100,000 au zaidi katika miradi hiyo hupata na njia ya kuomba kibali cha kuishi nchini, yeye na familia yake. Hayo yote yamefanywa kwa sheria na kwa nia ya kuvuta mitaji, wala hatuna haja ya kuyaonea haya.

Lakini sheria ni kama ngarawa: hutengenezwa ufukweni, na tabia yake huonekana baharini. Sheria ya kondominia ilimfikiria mtu atakayenunua na kukaa, au mwekezaji atakayeleta biashara na kuisimamia. Kati ya hao wawili amejitokeza wa tatu: aliyenunua lakini hakuhamia, mwenye biashara lakini hajiiti mfanyabiashara. Ukimwuliza kwa nini halipi kama mwenye hoteli, atasema hii ni nyumba yake ya kuishi. Ukimwuliza kwa nini haonekani kwenye mkutano wa shehia, atasema yeye bado hajahamia. Nyumba imehamia, mwenyewe bado. Na katika hiyo miaka mitano au kumi ya kungoja ndipo matatizo yote tunayoyaeleza hapa yanapozaliwa.

Hebu tufuate njia ya fedha. Mnunuzi humlipa mjenzi, na sehemu kubwa ya malipo hayo hurejea nje kununua nondo, vigae, milango na mitambo ya baridi. Nyumba ikimalizika, mtalii huitafuta na kuilipia kwa intaneti, na malipo yake huingia kwa kampuni ya nje, ambayo hukata fungu lake na kumpelekea mwenye nyumba benki ya kwao. Kinachofika hapa ni mshahara wa mfagiaji, mshahara wa mlinzi, bili ya umeme, na bei ya samaki siku ambayo mgeni hakula mkate na jibini. Hivyo si vitu vya kudharau. Lakini hoteli, pamoja na lawama zote tunazozitupa kwake, ina mlango, ina kibao, ina meneja wa kuulizwa, ina leseni ya Kamisheni ya Utalii na ina daftari ambalo ofisa wa Mamlaka ya Mapato anaweza kulifungua. Fleti namba fulani, ghorofa fulani, inayofunguliwa kwa ufunguo ulioachwa ndani ya kisanduku ukutani, ina nini? Sheria inamtaka kila anayelaza watalii kwa malipo awe na leseni na alipe kodi. Tunajua wapo wanaotii. Tunajua pia kwamba wapo wasiotii, na anayeumia kwanza ni yule Mzanzibari mwenye nyumba ndogo ya wageni, aliyekata leseni, anayelipa kila mwezi, na ambaye sasa anashindana na jirani asiyelipa.

Tuzungumze na upande wa vijiji. Pwani ya mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani na Makunduchi, imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji matamu huko ni tabaka jembamba lililoelea juu ya maji chumvi; likivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichochumbwa na wazee hugeuka kuwa cha kuoshea ngarawa. Bwawa la kuogelea la fleti ishirini halijui hayo. Njia za kwenda pwani nazo si mapambo. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara mwaka 1989, wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wamesomesha watoto kwa mwani huo, na mwani hauwezi kuruka ukuta. Kila kiwanja kinapozungushiwa ua, mama mwenye gunia kichwani huongezewa hatua za kuzunguka. Mwenye nyumba angekuwa anaishi pale, angemwona, angesalimiana naye, na pengine mwenyewe angelifungua lango. Lakini hayupo, na mlinzi ameambiwa asipitishe mtu.

Jambo la tatu ni makazi ya watu wetu wenyewe. Kwa sensa ya mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Kwa sensa ya mwaka 2022 wamefika 1,889,773. Ni kusema kwamba katika miaka kumi tumeongezeka karibu watu 600,000, na kisiwa hakikuongezeka hata shubiri moja. Sasa fikiri mwenye nyumba wa kijiji cha pwani ambaye vyumba vyake viwili vinaweza kupangishwa kwa mwalimu aliyehamishiwa skuli ya hapo, au kwa mtalii wa usiku mmoja. Ikiwa usiku chache za mtalii zinamlipa sawa na mwezi mzima wa mwalimu, nani atamlaumu kwa kumchagua mtalii? Lakini mwalimu atalala wapi? Na mkunga? Na kijana wa kijiji anayetaka kuoa, ambaye kiwanja alichotegemea kupewa na mjomba wake kimeshauzwa kwa bei ambayo mshahara wake hautaifikia hata akiishi miaka mia?

Hapa hatuna budi kukumbuka kitu. Majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1960 na 1970 kwa msaada wa marafiki wa Ujerumani ya Mashariki na kwa nguvu za wananchi, yalijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa hawana nyumba. Mtu anaweza kuyatoa kasoro nyingi, na nyingine ni za kweli: maji hayapandi ghorofa za juu, ngazi zimechakaa. Lakini lengo lake lilikuwa wazi. Majumba mengi yanayosimama leo yanajengwa kwa ajili ya watu ambao tayari wana nyumba moja, na wanatafuta ya pili. Hatusemi ya pili ni haramu. Tunasema nchi haiwezi kuhangaikia nyumba ya pili ya mgeni kwa bidii kubwa zaidi kuliko nyumba ya kwanza ya mwananchi.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya kale, na kwamba dunia ya leo haina mipaka. Basi tuitazame dunia hiyo hiyo. Uswisi, nchi ambayo hakuna anayeweza kuiita adui wa mitaji, ilipiga kura ya wananchi mwaka 2012 na kuamua kwamba katika kila manispaa nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Visiwa vya Åland, vilivyo chini ya Finland, vimeweka kwamba haki ya kumiliki ardhi inakwenda na haki ya ukaazi, ambayo mtu huipata baada ya kuishi huko miaka mitano. Shelisheli, jirani zetu wa bahari hii hii, mgeni hanunui nyumba mpaka Serikali iridhie. Ureno ilifungua mlango wa vibali vya ukaazi kwa wanunuzi wa nyumba mwaka 2012, na mwaka 2023 ikaufunga kwa upande wa nyumba. Uhispania ilifanya kama hivyo mwaka 2013, na mwezi wa Aprili 2025 nayo ikafunga. Mji wa Barcelona umetangaza kwamba leseni za fleti za watalii, ambazo ni zaidi ya 10,000, hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Na katika visiwa vya Canary, mwezi wa Aprili 2024, wananchi kwa maelfu waliingia mabarabarani kusema kwamba kisiwa kina kikomo chake. Hao wote walipita njia hii kabla yetu. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.

Tutende insafu na tuisikilize hoja ya upande wa pili. Inasemwa kwamba bila ya wanunuzi hawa mafundi wangekosa kazi, na ni kweli. Inasemwa kwamba baadhi yao, wakishahamia, hufungua skuli, zahanati na maduka, na ni kweli pia. Tunawafahamu wakaazi wa namna hiyo, wanaosema Kiswahili, wanaozika na sisi na kuoza na sisi. Lakini tazama kwamba hoja hiyo inamsifu aliyekuja, haimsifu anayengojewa. Kisiwa hiki kiliwahi kukaa bila ya umeme kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Jirani ni yule aliyekaa gizani pamoja nawe, akachota maji kwa ndoo, akakuazima koroboi. Nyumba tupu haina ujirani.

Kwa hiyo neno letu la kwanza tunamwelekezea mnunuzi mwenyewe, kwani hata maslahi yake yamo humu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayenunua pwani ya mashariki kwa picha ya mwezi wa Januari, maji yamejaa na bahari ni kijani, hajaiona bahari hiyo ikikupwa mpaka mwamba wa nje. Hajaiona masika inavyopenya paa. Hajasikia kusi inavyovuma. Aje kwanza, apange nyumba kwa mwenyeji mwaka mzima, ajue maji yanatoka siku gani, hospitali iko umbali gani, adhana ya alfajiri inaingia dirisha lipi na kama moyo wake umeikubali. Baada ya hapo, kama bado anataka kuishi nasi, atanunua kama mtu anayejua anachokinunua. Na asikubali kabisa kudanganywa kwamba anaweza kuchukua kiwanja kwa kutumia jina la Mzanzibari aliyekodiwa awe kivuli. Mbele ya sheria kiwanja hicho si chake. Siku kivuli kitakapokufa au kitakapobadili nia, hatakuwa na pa kushika.

Neno la pili ni kwa ndugu zetu wenyeji. Usiache mbachao kwa msala upitao. Fedha ya kiwanja inaonekana nyingi siku inapohesabiwa juu ya meza. Ikishanunua gari na kuezeka nyumba moja, huwa imekwisha, na kiwanja hakirudi. Wazee wetu walikuwa na hekima katika mambo haya. Walijua wakfu, wakaweka nyumba na mashamba kwa manufaa ya vizazi, na mpaka leo ziko nyumba za wakfu Mji Mkongwe zinazositiri watu. Walijua shufaa, kwamba mshirika katika mali hutangulizwa kabla ya mgeni. Nani siku hizi, kabla ya kumwita dalali, humwita kwanza ndugu yake na kumwuliza? Na wale wanaokubali kuwa vivuli kwa ujira mdogo wajue kwamba wanauza kitu ambacho si chao peke yao. Haki ya kutumia ardhi ni amana waliyopewa na umma.

Neno la tatu, na kubwa zaidi, ni kwa viongozi wenye dhamana. Hatuombi milango ifungwe. Tunaomba yafanywe mambo matano, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila nyumba inayolaza wageni kwa malipo, iwe ya mgeni au ya mwenyeji, iandikishwe na ipewe namba, na namba hiyo ionekane popote nyumba inapotangazwa. Isiyo na namba isitangazwe. Sheha awe na orodha ya nyumba zilizomo katika shehia yake, kwani yeye ndiye anayeulizwa mambo yanapoharibika.

Pili, itenganishwe waziwazi nyumba ya kuishi na nyumba ya biashara. Anayekaa ndani ya nyumba yake ahesabiwe mkaazi na apate nafuu ya mkaazi. Ambaye nyumba yake inalala watalii sehemu kubwa ya mwaka ahesabiwe mfanyabiashara wa malazi, na alipe kama wenzake wenye hoteli, hata kama malipo yake yanapokelewa ng'ambo.

Tatu, kibali cha ukaazi kinachotokana na ununuzi wa nyumba kifungamane na ukaazi wenyewe. Huu ni upungufu wa maana ulio wazi: kumpa mtu karatasi ya kuishi mahali asipoishi. Aliyepewa kibali aonekane nchini kwa muda utakaowekwa, vinginevyo kibali kisiendelezwe.

Nne, kiwekwe kikomo kwa kila eneo, kama walivyofanya Waswisi, kulingana na maji yaliyopo na nyumba za wananchi zilizopo. Kijiji kisifike mahali ambapo usiku wa msimu mbaya taa zinawaka nyumba moja katika tano. Na njia za kupita kwenda pwani zichorwe katika ramani kabla ya kiwanja kukodishwa, si baada ya ua kusimama.

Tano, sehemu ya mapato yanayotokana na mauzo ya nyumba hizi itengwe kwa nyumba za wananchi, kuanzia walimu na wauguzi wanaopelekwa vijiji vya utalii. Mtu hatalalamika kuona jengo la mgeni likipanda iwapo anaona na la kwake linapanda.

Ofisa atakayesoma haya pengine atasema kwamba masharti yatawakimbiza wanunuzi. Sisi tunajibu hivi: anayekimbia kwa kuombwa aandikishe nyumba yake na alipe anachodaiwa, huyo hakuwa anakuja kuishi. Anayetaka kweli kuzeeka mahali fulani hutaka mahali hapo pawe na maji, pawe na mwalimu wa wajukuu zake, pawe na jirani atakayemgongea mlango akiumwa. Masharti haya yanamlinda yeye pia.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyumba hizi zimeshalala kwetu zaidi ya siku mbili. Umefika wakati wa kuzipa jembe: zilipe, ziandikwe, zihesabiwe, na mwenyewe akishawasili atukute tumekaa pale pale tulipokuwa, juu ya ardhi yetu, tayari kumkaribisha.